Nina laki saba, binti anaanza uhandisi: nimnunulie kompyuta ipi?

SWALI

Ndugu washauri,

Salamu kutoka Tukuyu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Binti yangu amechaguliwa kusoma uhandisi ujenzi pale chuo kikuu cha MUST, Mbeya, na wenzake waliotangulia wamemwambia aende na kompyuta mpakato inayoweza kuendesha AutoCAD, programu ya kuchorea majengo. Nimekusanya laki saba, nyingine zimetoka kwenye viazi vya msimu huu. Hakuna akiba nyuma yake. Mkopo wake haujatoka, na hata ukitoka, bumu, ile posho ya mwanafunzi, ni la kula na kulala.

Nimezunguka nikapata mapendekezo matatu, na kila anayenishauri ana lake.

La kwanza ni laptopu mpya kabisa, imefungwa kwenye boksi, laki sita na elfu ishirini. Kwenye boksi imeandikwa Celeron N4020, RAM 4GB, eMMC 64GB, inchi 14. Shemeji yangu anasema mpya ni mpya, mtumba ni kununua matatizo ya mwingine.

La pili ni ya mtumba, ipo duka moja Mwanjelwa. HP EliteBook 840 G1, Core i7-4600U, RAM 8GB, diski ya 500GB. Anataka laki nne na nusu. Muuzaji ananiambia i7 ndiyo mwisho wa mambo, na imeshawekwa Windows 11.

La tatu mpwa wangu kaliona mtandaoni, muuzaji anasema yuko Kariakoo. Dell Latitude 5490, Core i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, laki sita na themanini. Natakiwa kutuma hela yote kwanza, halafu mzigo unapandishwa basi usiku.

Mimi kompyuta naitumia kuchapa mitihani tu, vya ndani sivijui. Naomba mnielekeze nichukue ipi, na nikifika dukani niangalie nini ili nisiuziwe kopo. Tena naomba mnieleze kama mtu anayekwenda kufanya kesho, maana kweli nakwenda wiki hii.

Mzazi, Tukuyu

JIBU

Mwalimu, hongera kwa binti, na asante kwa kuandika majina ya mashine kamili hadi namba. Wengi hutuandikia "HP ya i7" na kuishia hapo, na kwa maelezo hayo hakuna wa kuwasaidia.

Ya kwanza usiichukue hata wakishusha hadi laki nne. Ya pili iache. Ya tatu ndiyo aina ya mashine anayohitaji mwanafunzi wa uhandisi, ila yule muuzaji usimtumie hela. Tafuta ya namna hiyo Mbeya mjini, mahali utakapoiwasha kwa mkono wako mwenyewe, na ukae nayo saa nzima kabla ya kulipa.

Shemeji yako ana hoja, mtumba una hatari zake. Lakini hiyo mpya imekuwa mpya kwa laki sita kwa sababu ya vilivyomo ndani. Celeron N4020 ndiyo prosesa yake, yaani ubongo wa mashine; ina viini viwili tu vya kuchakata kazi, na imetengenezwa kwa mtu wa kufungua barua pepe na kuangalia video. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni 4GB; Windows 11 ikishaamka tu, sehemu kubwa imekwisha kabla binti hajafungua chochote. AutoCAD ya siku hizi yenyewe inataka isipungue 8GB. Ile eMMC ya 64GB, yaani hifadhi ya mafaili, ndiyo itakayomliza zaidi. Windows inakula zaidi ya 20GB peke yake, kila sasisho kubwa linataka nafasi nyingine, na baada ya miezi michache mashine inakuwa inalalamika imejaa wakati hata picha za harusi hajaweka. Kisha eMMC imechomelewa kwenye bodi, na kwa mashine za daraja hilo mara nyingi RAM nayo vivyo hivyo. Fundi hana pa kuongeza. Siku hifadhi hiyo ikifa, bodi nzima ndiyo imekufa, na bodi ya mashine kama hiyo hakuna atakayekushauri uinunue.

Kuhusu i7 ya Mwanjelwa: kwenye namba i7-4600U, tarakimu ya kuangalia kwanza ni ile 4 inayofuata kistari. Hiyo ndiyo inayotaja kizazi. Ni prosesa ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, na ingawa imeandikwa i7 ina viini viwili. Ile i5-8350U ni ya kizazi cha 8, ya 2017, na ina viini vinne. Kuanzia kizazi hicho ndipo i5 za kompyuta nyembamba zilipotoka viini viwili kwenda vinne. Kwa hiyo i5 hiyo inaipita i7 hiyo kwa mbali. Ukikutana na namba ndefu kama i5-10210U, hicho ni kizazi cha 10. i5-1135G7 ni cha 11, usije ukadhani ni cha 1. Na ukiona herufi Y mwishoni, au imeandikwa m3 au m5, ipite. Hizo ni prosesa dhaifu zilizotengenezwa kwa mashine zisizo na feni.

Kwamba imewekwa Windows 11 hakuthibitishi lolote. Microsoft inaruhusu Windows 11 rasmi kuanzia Intel ya kizazi cha 8, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Fundi yeyote anayejua kazi anaweza kuruka kizuizi hicho akaiweka kwenye mashine ya 2013, na itawaka vizuri tu. Tatizo ni kwamba Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyowekwa hivyo. Kurudi Windows 10 si suluhisho, maana msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ile EliteBook ukiitoa diski ya kuzunguka ukaiwekea SSD, hifadhi ya kasi isiyozunguka, itachangamka kweli, na kwa kuchapa mitihani na kujumlisha matokeo ingekutosha wewe mwalimu. Binti ana miaka minne mbele yake. Tena RAM yake ni ya aina ya zamani iitwayo DDR3L, kipande utakachonunua leo hakiingii kwenye mashine nyingine yoyote mpya kidogo. Hela hiyo inazama moja kwa moja.

Ile Latitude 5490 ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Mashine za ofisi huwa na bawaba za chuma, kibodi ya kuchapwa kutwa, na kifuniko cha chini kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida ya nyota. Ndani kuna nafasi mbili za RAM aina ya DDR4, SSD inayochomoka, betri inayochomoka, feni inayochomoka. Kampuni kubwa za nje huziacha kwa mafungu zikitimiza miaka yao, ndiyo maana spea zake zinapatikana na mafundi wengi wamezizoea. Hicho ndicho kigezo kikubwa kuliko vyote kwa mtu mwenye laki saba zisizo na akiba: kikifa kitu kimoja, kibadilishwe hicho kimoja, tena Mbeya hapo hapo.

Usiing'ang'anie hiyo 5490 peke yake. Za kundi lake ni Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5, HP ProBook 450 G5, Lenovo ThinkPad T480 na L480. Zote zipo zenye prosesa ya kizazi cha 8 na nafasi mbili za RAM. Epuka nyembamba sana kama ThinkPad X280, X1 Carbon au Dell XPS 13, hata zikiwa nzuri machoni. RAM yake imechomelewa, utakayoikuta ndiyo utakayokufa nayo. Ukipata T480, muulize muuzaji au fundi kama programu ya ndani ya Thunderbolt, inayoendesha tundu la USB-C, imesasishwa. Ile ya zamani ilikuwa na kasoro inayoweza kuua tundu la USB-C, ambalo ndilo la kuchajia, na Lenovo walitoa sasisho la kulirekebisha. Ni kazi ya dakika chache kama tundu bado zima.

Sasa dukani. Mpigie muuzaji siku moja kabla umwambie mambo mawili: airudishe Windows upya kabisa, ile ya kuanza kuchagua lugha, na asiimalizie, wewe utaimalizia mbele yake. Nenda asubuhi umeme ukiwepo. Beba flashi, simu yenye bando, na vile visikilizio vya masikioni. Kama anakataa kukupa saa moja na mashine ya laki sita, ondoka, maduka ya Mbeya ni mengi.

Iwe imezimwa kabisa. Iwashe ukigonga F2 mfululizo kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad. Unaingia BIOS, ambayo ndiyo chumba cha ndani cha mashine. Ikikuomba nenosiri, mrudishie muuzaji. Akisema "hilo halina shida, linatoka", mwambie alitoe kwanza ndipo mzungumze. Mashine yenye nenosiri la BIOS huwezi kuisimamia, na kwa mashine za ofisi kulitoa si kazi ndogo. Ndani ya BIOS soma jina la prosesa na kiasi cha RAM. Hapa ndipo uamini, kwa sababu stika ya nje hubandikwa kwa shilingi mia tano, na hata maandishi ya ndani ya Windows mtu anaweza kuyachezea. Soma pia namba ya utambulisho, kwa Dell inaitwa Service Tag, kisha geuza mashine ulinganishe na iliyo chini. Zikitofautiana, bodi na ganda vimetoka kwenye mashine mbili. Dell ina ukurasa wa betri humo humo, inasema hali ni Excellent, Good, Fair au Poor.

Zima, washa tena, safari hii Dell unagonga F12 na kuchagua Diagnostics. HP unagonga Esc kisha F2. Mashine itajipima yenyewe RAM, diski na feni, na nyingine huonyesha rangi kwenye skrini. Wakati wa rangi hizo sogeza uso karibu: weupe utakuonyesha madoa meusi na alama za kubanwa, weusi utakuonyesha mwanga unaovuja pembeni. Iache imalize. Kosa la RAM linatibika kwa kubadilisha kipande. Kosa la bodi halitibiki kwa bei yako.

Ingia sasa kwenye Windows na uimalizie kusajili ukiwa umeunganisha intaneti ya simu yako. Usikubali kuruka hatua ya intaneti. Mashine zilizotoka maofisini nyingine bado zimesajiliwa kwa kampuni iliyozimiliki, na dalili huonekana hapa tu: badala ya kukuuliza jina lako, skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini. Muuzaji ataweza kulikwepa kwa kuweka Windows bila intaneti, lakini siku binti atakapoirudisha upya mashine, litarudi. Hiyo hainunuliwi kwa bei yoyote.

Ukishaingia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Soma panapoandikwa Slots used. Ikiwa 1 of 2 na RAM ni 8GB, umepata bahati: kipande kimoja cha 8GB kimekaa na nafasi ya pili iko wazi, utaongeza 8GB nyingine zifike 16GB. Ikiwa 2 of 2, basi ni vipande viwili vya 4GB, na siku ya kuongeza itabidi kimoja kitoke. Bei ishuke kidogo kwa hilo. Kipande cha pili kina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: mashine hizi hazina kadi ya michoro ya peke yake, sehemu ya michoro inaazima RAM hiyo hiyo, na ikisoma vipande viwili kwa pamoja michoro ya AutoCAD inasogea vizuri zaidi.

Betri ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo hapa usiharakishe. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakutajia mahali ilipohifadhi faili, lifungue. Tafuta mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ni uwezo ilipotoka kiwandani, ya pili ni uwezo wa leo. Latitude 5490 hutoka na betri ya 51Wh au ya 68Wh. Tuseme ya kwanza inasoma 68,000 na ya pili 47,600: gawa, unapata asilimia 70. Kuanzia 70 kwenda juu chukua. Kati ya 50 na 70 inatumika, ila omba punguzo. Chini ya 50 ihesabu kuwa haipo, uliza bei ya betri palepale na uitoe kwenye bei ya mashine. Kwa kuwa zipo betri za bandia zinazojitangazia namba nzuri, chomoa chaja, ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, weka video icheze dakika 20 ukiendelea na ukaguzi mwingine. Ikishuka taratibu, sawa. Ikiruka kutoka 85 hadi 60 ghafla, au ikazima ikiwa bado inaonyesha 30, seli zimekufa. Halafu iweke juu ya meza iliyonyooka na uiguse pembeni. Ikiyumba, au padi ya kusogezea mshale imeinuka, betri imevimba. Hiyo iondolewe kabla hujaipeleka kwa mtoto chumbani.

Kwa SSD mwombe aweke programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure na ndogo. Itakuambia Good, Caution au Bad, na asilimia ya uhai. Saa nyingi za kufanya kazi zisikutishe kwa SSD. Neno Caution likutishe.

Mengine ni ya macho na vidole. Chapa kila kitufe, na uangalie mpangilio wa herufi. Nyingi zimetoka Ulaya, na ukikuta Y na Z zimebadilishana nafasi ni kibodi ya Kijerumani, ukikuta mstari wa juu unaanza na AZERTY ni ya Kifaransa. Kubandika stika za herufi juu yake ni kero ya miaka minne. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Jaribu kamera, spika, na tundu la visikilizio. Fungua na kufunga kifuniko polepole ukisikiliza bawaba. Chomeka chaja na uitikise kidogo: taa ikipepesa, tundu la chaja limelegea. Skrini iwe ya 1920 kwa 1080, ambayo utaiona kwenye mipangilio ya Display. Zipo 5490 zenye 1366 kwa 768, na kwenye hizo mchoro wa jengo unabanana hadi mistari inapandana.

Chaja nayo isomwe. Ya Dell ya 65W imeandikwa 19.5V na 3.34A, na ncha yake ina sindano nyembamba katikati ambayo mashine huitumia kuitambua. Chaja ya bei chee isiyotambulika inawasha mashine, lakini inatoa onyo wakati wa kuwaka, prosesa inajipunguza kasi na betri haichaji. Mtu anarudi nyumbani akidhani kanunua kompyuta nzito na betri mbovu, kumbe ni chaja.

Ukiridhika, mpe hela lakini risiti iandikwe kila kitu: jina la mashine, Service Tag, i5-8350U, RAM 8GB kipande kimoja, SSD 256GB, asilimia ya betri uliyoiona, na muda wa waranti ya duka. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukilipa kwa Lipa Namba, jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lifanane na la duka. Wiki ya kwanza binti aitumie kwa nguvu, si kuitunza kwenye begi. Kasoro nyingi za mtumba hujitokeza mashine ikishapata moto saa mbili tatu mfululizo, na wewe unataka zijitokeze waranti ikiwa hai.

Yule wa mtandaoni huenda ni mfanyabiashara halali kabisa, ila hakuna hata kimoja kati ya hivi tulivyovieleza unachoweza kukipima ukiwa Tukuyu. Kama una ndugu Dar anayeaminika, amfuate dukani na karatasi hii mkononi. Akishainunua, aje nayo mtu kwenye kiti chake. Barabara ya Dar hadi Mbeya inazidi kilomita 800, na kwenye buti la basi mzigo unabanwa na magunia. SSD itavumilia mtikisiko, skrini haivumilii kugandamizwa. Ikilazimu iende kama kifurushi, chaja isiwekwe juu ya kifuniko, na iwe na sponji ya kutosha pande zote ndani ya boksi gumu.

Kwenye hesabu: usimalize laki saba kwenye mashine. Lenga laki sita au chini yake, na kwa kuwa Kariakoo wametaja sita na themanini, anza maongezi yako chini. Ile laki moja inayobaki ina kazi zake. Kwanza kifaa cha kulinda umeme, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndipo chaja zinapoungua, na huko kwenu Rungwe kwenye radi hata kifaa hicho hakitoshi, achomoe kabisa. Pili begi lenye sifongo. Kinachosalia kiwekwe kwa ajili ya RAM ya pili au betri, kile kitakachohitajika kwanza. Printa hahitaji, steshenari zipo kila kona ya chuo.

Steshenari hizo zina hatari moja, flashi inarudi na virusi vya kugeuza mafaili kuwa njia za mkato. Windows Security inayokuja na mashine inatosha, asiizime kwa sababu programu fulani ya kunakili imemwambia aizime. AutoCAD asiichukue kwenye flashi ya mwenzake. Autodesk wanawapa wanafunzi bure kwa mwaka mmoja mmoja, inahuishwa akithibitisha kuwa bado anasoma. Mwambie pia ukweli kwamba mashine hii itafanya michoro ya AutoCAD ya kawaida bila taabu, lakini majengo makubwa ya pande tatu yataifanya ihenyeke hata ikiwa na 16GB. Kazi za darasani azihifadhi mahali pawili, flashi na Google Drive, ambayo ina 15GB za bure.

Kitu kingine kinaziua sana kompyuta za wanafunzi Mbeya, nacho ni blanketi. Juni na Julai, baridi ikishika, mwanafunzi anasomea kitandani na mashine iko juu ya blanketi. Matundu ya hewa ya mashine hizi yako chini, blanketi linayaziba, feni inavuta manyoya, joto linapanda, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue, na betri iliyo karibu inapikwa taratibu hadi ivimbe. Mpatie sinia au kipande cha ubao aweke chini yake. Akitoka nje kwenye baridi kali asubuhi na kuingia chumba chenye joto, aiache dakika 20 ndani ya begi kabla ya kuiwasha, umande ulioshika ndani ukauke. Na kwenye BIOS ya Dell kuna sehemu ya Primary Battery Charge Configuration. Akichagua Custom, aanzie 50 na kuishia 80 kwa siku ambazo anakaa karibu na umeme. Betri itamfikisha mbali zaidi.

Ukikosa kabisa kizazi cha 8 kwa hela yako, subiri. Wiki mbili tatu za mwanzo anaweza kutumia kompyuta za chuo, na mizigo mipya huwa inaingia. Usiteremke kizazi cha 6 au 7 kwa sababu tu umechoka kuzunguka, isipokuwa bei iwe chini kiasi cha kukuachia nafasi ya kuibadilisha baada ya mwaka mmoja. Na ukiipata unayoitaka, kiangazi cha kwanza kikiisha na vumbi lake, aipeleke kwa fundi afungue chini, apulize feni na kubadilisha ile dawa ya kupoza juu ya prosesa. Ni kazi ya muda mfupi, na akae hapo hapo akiangalia, ili RAM iliyoingia nayo ndiyo itoke nayo.